Kwa Nini Chura wa Nyabibuye Haoti Goti Jipya

Mjusi wa ukutani akikatika mkia huota mwingine, na mtoto wa Nyabibuye, mkoani Kigoma, hulijua hilo kabla hajaanza darasa la kwanza. Asichokijua ni kwamba mkia wa pili hauko kama wa kwanza. Ule wa kuzaliwa ulikuwa na pingili za mfupa, kila pingili ikishikana na mwenzake kwa kiungo. Huu mpya una mrija mmoja mrefu wa gegedu ndani yake. Hauna pingili wala kiungo hata kimoja. Ngozi imerudi, misuli imerudi, mafuta yamerudi. Viungo vimeushinda mwili.

Chura naye ana tatizo hilohilo, tena kwenye mikono na miguu. Yule chura wa majini mwenye kucha na ngozi telezi, anayepatikana kwenye madimbwi na visima vya ukanda wote wa Maziwa Makuu, ana ndugu yake kusini mwa Afrika ambaye maabara za dunia zimemfuga tangu miaka ya 1930. Ndugu huyo akikatwa mkono akiwa amekwisha kuwa chura kamili, kidonda hufunga na kijiti cha gegedu huchomoza, kimenyooka na kuchongoka, bila kiwiko, bila kifundo, bila vidole. Salamanda akikatwa mahali hapohapo hurudisha mkono mzima, na kiwiko chake hukunja kama cha awali.

Tofauti hiyo ndiyo inayonivutia, na msimamo wangu nauweka wazi mapema: kutengeneza mfupa ni kazi ambayo karibu kila mnyama mwenye uti wa mgongo anaiweza. Kazi ngumu ni kuacha nafasi baina ya mifupa miwili, kuiacha mahali panapostahili, na kuzipa pande zote mbili umbo linalooana.

Salamanda hayupo Kigoma, wala Tanzania, wala popote Afrika kusini mwa Sahara. Kitabu cha Alan Channing na Kim Howell kuhusu amfibia wa Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 2006, kina vyura wa kila namna na wale amfibia wasio na miguu wanaodhaniwa kuwa minyoo mikubwa, basi. Salamanda wa Afrika walio hai wako Moroko, Algeria na Tunisia. Zamani mambo yalikuwa tofauti. Miamba ya Sudan ya zama za dinosaria imetoa pingili za uti wa mgongo za wanyama wa jamii ya salamanda, waliopewa jina la Kababisha mwaka 1996. Na katika bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, kilipatikana kisukuku cha Peltobatrachus, amfibia mwenye miguu minne na deraya ya mfupa mgongoni, aliyetembea nchi kavu zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Alec Panchen alimweleza mwaka 1959. Kundi lake, temnospondili, ndilo ambalo wataalamu wengi wanaona limewazaa vyura na salamanda wa leo. Kwa hiyo mtu wa Nyabibuye, kata iliyokuwa ya Kibondo kabla wilaya ya Kakonko haijamegwa, akitaka kumwelewa salamanda aanze na chura, binamu yake aliyejaa mabondeni.

Mchukue chura mkubwa wa mabaka aliyekufa barabarani, umnyooshe mguu wa nyuma. Wetu hukunjika mara tatu: nyonga, goti na kifundo. Wa chura hukunjika mara nne, kwa sababu mifupa miwili midogo ambayo kwetu imejibana ndani ya kifundo na kisigino, kwake imerefuka ikawa kipande kizima cha ziada kati ya muundi na wayo. Papasa muundi wenyewe: mifupa miwili imeungana ikawa mmoja, ingawa mfereji wa mshono bado unaonekana kuelekea ncha zake. Kigasha cha mkono nacho ni hivyohivyo. Halafu panda juu hadi kiunoni, pale nyonga inaposhikana na uti wa mgongo. Kwa binadamu pamekazwa karibu kabisa. Kwa chura ni kiungo hai. Vyura wengi wanaoruka hukikunja na kukikunjua kama bawaba, na yule wa majini mwenye kucha hukitelezesha mbele na nyuma anapopiga mbizi. Wanafunzi wa kidato cha sita wanaopasua chura kwa ajili ya mtihani wa vitendo huelekezwa kwenye moyo, ini na utumbo. Mguu hutupwa na maganda mengine, na ninavyoona, hapo ndipo uhondo wenyewe unapotupwa.

Maana mguu huo ni mtambo. Mwaka 2012 Henry Astley na Thomas Roberts walionyesha kwamba msuli wa nyuma ya muundi wa chura huanza kujivuta kabla kifundo hakijasogea hata kidogo. Nguvu huwekwa kwanza kwenye kano, kisha kano huiachia yote kwa mkupuo, sawasawa na mpira wa manati. Mtambo wa namna hiyo unataka viungo vinavyokunja upande mmoja tu na mifupa isiyopinda ubavuni, na ndiyo maana mifupa ya muundi ikaungana. Matunda yake? Chura mmoja wa aina ya Ptychadena oxyrhynchus, ambao wapo hata Tanzania, aliruka mara tatu mfululizo huko Afrika Kusini mwaka 1977 akafikisha mita 10.3.

Si kila chura ameichukua njia hiyo. Kassina wa mbugani hutembea na hata kukimbia badala ya kuruka. Hemisus huchimba udongo kwa kutanguliza pua huku mikono ikisukuma kando, na bega lake limejengwa kwa ajili hiyo. Vyura wadogo wa mafunjo na matete wana kipande cha ziada kati ya pingili mbili za mwisho za kila kidole, yaani kiungo kimoja zaidi, kinachowawezesha kuubandika mto wa kidole bapa kwenye jani huku mwili ukining'inia kwa pembe yoyote.

Sasa salamanda. Ukimtazama haraka utamwona ni maskini wa viungo. Mfupa wa paja na wa mkono wa juu hutoka ubavuni karibu sambamba na ardhi, kisha goti na kiwiko hushuka chini. Kigasha kina mifupa miwili iliyo mbalimbali, na muundi pia. Bega halina mtulinga. Lina bamba mbili pana za gegedu zinazopishana kifuani. Vifundo vya mkono na mguu ni mkusanyiko wa vipande vidogo, kwa spishi nyingi gegedu tupu, vinavyoteleza kidogokidogo kimoja kando ya kingine. Mbele ana vidole vinne, nyuma kwa kawaida vitano. Eric Francis alivieleza hivi vyote kwa subira katika kitabu chake cha mwaka 1934 kuhusu salamanda wa Ulaya, na hadi leo mabingwa wa fani hii hukirejea.

Lakini mwone akitembea. Mgongo hupinda kushoto na kulia kama wa samaki, na mfupa wa paja hufanya mambo mawili kwa pamoja: huvutwa kutoka mbele kwenda nyuma na wakati huohuo hujizungusha kwenye mhimili wake, kama mtu anavyosokota mpini wa jembe mkononi. Mzunguko huo ndio unaousukuma mwili mbele bila wayo kuteleza. Kichwa cha mfupa ni cha duara na tundu la nyonga linakiruhusu kuzunguka. Kwenye kiwiko, ncha ya mfupa wa mkono wa juu ina kinundu cha mviringo ambacho mfupa mmoja wa kigasha hubingirika juu yake wakati mwenzake unakunja na kukunjua. Mifupa miwili ya kigasha ikiungana kama ya chura, kazi hiyo inakufa.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu kuna desturi ya kumtaja salamanda kama mfano wa kiumbe wa kale asiyebadilika, ngazi iliyosahaulika kati ya samaki na mjusi. Ushahidi wa mifupa unaikataa hadithi hiyo. Mwaka 2012 Stephanie Pierce, Jennifer Clack na John Hutchinson walitengeneza kielelezo cha kompyuta cha viungo vya Ichthyostega, mmoja wa wanyama wa kwanza wenye miguu, aliyeishi Greenland yapata miaka milioni 360 iliyopita. Bega na nyonga zake hazikuweza kuzungusha mfupa kwenye mhimili wake. Mwendo wa salamanda ulikuwa haumwezekani. Kwa hiyo kujisokota huko ambako salamanda anakufanya bila shida ni ujuzi uliokuja baadaye.

Hata mpangilio wa vidole vyake ni wa peke yake. Kwa chura, kuku, panya na binadamu, vidole vya kijusi huanza kujitokeza upande wa kidole kidogo na kuelekea gumba. Salamanda huanza upande wa gumba: cha kwanza na cha pili hutangulia, na vipande viwili vya kifundo vinavyovibeba huwa vimeungana kuwa kimoja. Nadia Fröbisch na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba Apateon, temnospondili mdogo wa Ujerumani aliyeishi kabla ya Peltobatrachus, alikuwa na mpangilio huohuo wa kuanzia gumba. Inawezekana basi kwamba salamanda amehifadhi njia ya zamani sana na sisi wengine ndio tulioiacha, au kwamba njia hiyo imezuka zaidi ya mara moja. Mimi naegemea la kwanza, ingawa nisingeweka ng'ombe rehani.

Tuingie ndani ya kiungo. Watu wazima wa milimani, waliopanda na kushuka makorongo miaka arobaini na mizigo kichwani, wakiumwa magoti huambiwa ute umekauka, au goti limesagika. Maneno hayo mawili yana ukweli ndani yake, hasa la pili. Ncha za mifupa zimevikwa gegedu laini, kifuko kimezizunguka, utando wa ndani ya kifuko hutoa ute wenye kuteleza kuliko mafuta ya mashine. Gegedu hilo halina mishipa ya damu, ndiyo maana likichakaa halijitengenezi vema. William Hunter aliliambia hilo shirika la wanasayansi la London mwaka 1743. Ama maji ya bamia wanayopeana watu ili kuurudisha ute, yanaishia tumboni na kumeng'enywa kama mlenda wowote. Goti halina habari nayo.

Ute wenyewe haukuvumbuliwa nchi kavu. Mwaka 2016 maabara ya Gage Crump huko California ilionyesha kwamba viungo vya taya na mapezi ya samaki hulainishwa na protini ileile inayolainisha magoti yetu. Na mwaka 2011 Heather King na wenzake wa Chicago walimrekodi kamongo wa Afrika akitembea juu ya sakafu ya tangi kwa mapezi yake ya nyuma, membamba kama nyuzi, hatua kwa hatua, akiyakunja pale anapohitaji. Wavuvi wa Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika wanaomvua kamongo mwingine wa jamii hiyohiyo wana mikononi mwao samaki anayetuonyesha kwamba kukunja kulianza kabla ya miguu.

Kiungo hutengenezwaje mwanzoni? Katika kijusi, mkono ni kipande kimoja cha gegedu changa kisichokatika. Kisha, pale kiwiko kitakapokuwa, ukanda mwembamba wa seli huacha kuwa gegedu. Seli hizo hujipanga bapa, kama zimekatazwa kuendelea na kazi ya wenzao. Ukanda huo hupasuka katikati na kuwa uwazi, na misuli inapoanza kuchezacheza, uwazi hupanuka na nyuso mbili huchongana. Daniel Drachman na Leon Sokoloff waliwapoozesha vifaranga ndani ya mayai mwaka 1966. Misuli ilipokosa kucheza, uwazi haukukamilika na mifupa iligandana. Kiungo, kwa hiyo, kinataka amri ya kuacha nafasi, na kinataka mwendo wa kuilinda.

Kwa mamalia, ukanda huo wa seli hutoweka baada ya kazi. Kwa salamanda haupotei wote. Rebekah Cosden-Decker, James MacLeod na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kentucky walipolifungua goti la aksoloto, yule salamanda wa Mexico, walikuta katikati yake tishu inayofanana na ukanda wa kijusi, ikiwa bado ipo kwa mnyama aliyekua. Walifanya mambo mawili. Kwanza walilitoboa gegedu la goti hadi kwenye mfupa. Kidonda cha namna hiyo kwa binadamu ni safari ya kuelekea kusagika, lakini aksoloto alilirudisha taratibu, kwa muda wa miezi mingi, likawa gegedu laini. Kisha, katika utafiti wa 2012, walichukua tishu ya ndani ya goti wakaipandikiza kwenye pengo walilolikata katikati ya muundi, mahali ambapo hapajawahi kuwa na kiungo. Kikaota kiungo kipya katikati ya mfupa. Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko wote, kwa kuwa unaonyesha kwamba habari ya kuacha nafasi imo ndani ya tishu yenyewe na inahama nayo.

Kuota upya kwa mguu wa salamanda kumeandikwa tangu Lazzaro Spallanzani alipochapisha majaribio yake mwaka 1768. Kidonda hufunikwa na ngozi, seli zilizo chini yake hujirudisha katika hali changa na kujirundika kuwa kinundu, na kinundu hicho huanza upya safari ya kijusi: gegedu, ukanda, uwazi, mwendo. Kwa nini chura asifanye hivyo?

Jibu linalotolewa haraka ni ulaini: salamanda ana gegedu nyingi, hajakomaa vizuri, ndiyo maana anaweza. Halitoshi. Salamanda wa majini waliokomaa, wenye mifupa migumu ya kweli, huotesha miguu vilevile. Jibu la pili ni kwamba chura aliuza uwezo huo ili apate kuruka. Linavutia zaidi, na nimeeleza jinsi mifupa yake ilivyoungana kwa ajili ya mtambo. Lakini kiluwiluwi wa chura huyohuyo, mguu wake ukiwa bado chipukizi, huurudisha mzima na viungo vyote. Uwezo hupotea hatua kwa hatua kadiri anavyogeuka kuwa chura. Mpango haujafutika, umefungiwa.

Kufunguliwa kwake kumejaribiwa kwa nguvu. Mwaka 2022 Nirosha Murugan, David Kaplan, Michael Levin na wenzao wa Chuo Kikuu cha Tufts huko Marekani waliwafunga vyura wakubwa waliokatwa mguu kofia ndogo ya silikoni yenye jeli na dawa tano, kwa saa 24 tu, kisha wakawaacha kwa miezi 18. Miguu iliota mirefu, na misuli, neva na mfupa. Vyura waliitumia kuogelea. Hata nchani vilitokea vinundu vya vidole, ila ndani yake hamkuwa na mfupa wa kuvibeba. Magazeti mengine yalisema mguu umerudi. Nyama na urefu vilirudi. Pingili na vifundo vya vidole vilibaki palepale vilipomshindia mjusi.

Wajapani walikwenda polepole zaidi, nami nawaona walifika mbali zaidi. Rio Tsutsumi na wenzake wa Kyoto walikuwa wameona kwamba hata salamanda haoteshi kiwiko kwa tishu mpya peke yake: upande uliobaki huupa upande unaoota umbo. Wakajiuliza itakuwaje chura akiachiwa nusu ya kiungo. Mwaka 2016 walichapisha matokeo. Badala ya kukata katikati ya mfupa, walikata hasa kwenye kiwiko, wakauacha mfupa wa mkono wa juu na gegedu lake la ncha salama. Chura akaotesha kijiti chake kilekile cha siku zote. Safari hii kijiti kilichongeka kwenye shina lake kikaoana na ncha iliyobaki, misuli ya juu ikakipata na kujifunga kwake kwa kano, na kiwiko kikakunja. Mbele ya kiwiko hicho palibaki kijiti kitupu, lakini kiwiko kilikuwa cha kweli.

Hapo ndipo hesabu inapobadilika. Chura hakosi gegedu, hakosi misuli, hakosi kano, na akipewa upande mmoja wa kiungo anajua kuujibu. Anachokosa ni uwezo wa kuchagua, katikati ya gegedu jipya lisilo na alama, mahali pa kuacha nafasi.

Binadamu tuna kipande kidogo cha habari hiyo. Cynthia Illingworth wa hospitali ya watoto ya Sheffield aliripoti mwaka 1974 kwamba ncha za vidole vya watoto zilizokatika mbele ya kifundo cha mwisho huota zikiachwa zijiponye. Mpaka ni hicho kifundo. Ukikatika hapo au nyuma yake, basi. Ni mpaka uleule wa chura: nyama na ncha ya mfupa vinaweza kurudi, kiungo hakirudi. Mwaka 2019 Ling Yu, Ken Muneoka na wenzao wa Texas waliuvuka kwa panya. Walimkata kidole nyuma ya kiungo, wakampa kwanza protini inayochochea mfupa, kisha protini nyingine ya jamii hiyohiyo, na ikatokea ncha yenye gegedu laini na uwazi wa kiungo. Mpangilio wa dozi ulikuwa na maana: mfupa kwanza, nafasi baadaye.

Kwa sasa, mkazi wa Nyabibuye ambaye goti lake limesagika kabisa ana tiba moja ya uhakika, kubadilishiwa goti, na taasisi ya mifupa ya Muhimbili, mojawapo ya zinazoifanya, iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwake. Katika upasuaji huo daktari hukata ncha zote mbili za kiungo na kuweka chuma na plastiki. Kwa ushahidi wa Kyoto, ncha moja ikiachwa nzima ndiyo inayouelekeza upande wa pili. Lakini goti lililosagika kwa kawaida huwa limesagika pande zote mbili, kwa hiyo hakuna upande mzima wa kuelekeza. Kidole cha panya cha Texas nacho hakijawahi kupanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani.